Tozo ya Mafuta na Haki ya Njia Ndogo

Katika mambo ambayo raia huyaona kila uchao na wala asiijue asili yake, barabara ya kijijini haikosi kuwamo. Kwani mkulima aipitaye na mahindi yake kuelekea gulioni hujua vema shimo lilipo na kalavati lililosombwa na masika, ila ni nadra ajue ni mfuko upi utakaolifukia shimo hilo, na nani aliyekadiria fedha zake. Tarihi ya jambo hili katika Tanzania Bara, kwa mwenye kuifuatia kwa utulivu, yadhihirisha kuwa mpita njia ndogo amekuwa mlipaji wake tangu zama za ukoloni, ilhali amri ya kuyagawa malipo hayo imekaa mbali naye.

Wadachi walipoweka kodi ya nyumba mwaka 1897, waliruhusu ilipwe kwa fedha, kwa mazao au kwa kazi. Na kwa kuwa fedha taslimu zilikuwa adimu, wako waliolipa kwa jembe na sururu, wakifyeka na kusawazisha njia chini ya macho ya maakida na majumbe. Waingereza nao wakaja na kodi ya nyumba na ya kichwa, na aliyeshindwa kuilipa aliweza kutakiwa aitumikie kwa mikono yake. Barabara zilizopeleka pamba, kahawa na katani stesheni na bandarini zilipata inaya ya serikali. Njia za kuunganisha vijiji aghalabu ziliachiwa wenyeji na watawala wao wa jadi.

Baada ya uhuru, halmashauri za wilaya zilibeba mzigo huo hadi mwaka 1972, ulipokuja mpango wa Madaraka Mikoani uliozivunja na kuwakabidhi kazi zake maofisa wa serikali kuu. Kisha bei ya mafuta ikapanda duniani, Vita vya Kagera vikaikausha hazina, na barabara, ambazo hazina sauti ya kulalamika mezani mwa bajeti, zikawa za mwisho kukumbukwa. Sheria ya mwaka 1982 ikazirejesha halmashauri, nazo zikarithi majukumu makubwa kuliko makasha yao.

Dawa ilitafutwa katika mafuta yenyewe. Sheria ya mwaka 1985 iliweka ushuru wa barabara na mafuta, na marekebisho ya mwaka 1998 yakaunda Mfuko wa Barabara wenye bodi yake, ili atumiaye barabara achangie kwa kila lita ya petroli na dizeli, na mchango huo uhifadhiwe kwa matengenezo badala ya kupotelea katika matumizi mengine ya dola. Mwaka 2000 ukaundwa Wakala wa Barabara, TANROADS, kwa ajili ya barabara kuu na za mikoa, ilhali za wilaya zikabaki kwa halmashauri.

Hapo ndipo lilipozuka suala la mgao. Kwa miaka mingi asilimia 70 ya fedha za Mfuko zimekwenda kwa barabara kuu na za mikoa, na asilimia 30 kwa za wilaya. Na kwa hesabu za miaka ya karibuni, zile za kwanza ni kama kilomita 36,000, na hizi za pili zapita 144,000, yaani njia zenye humusi nne za urefu wote hupata chini ya theluthi ya fedha. Hata hivyo insafu yatulazimu kukiri kuwa kilomita si kipimo pekee, maadamu barabara kuu hubeba malori ya shehena ya Zambia, Kongo na Rwanda, na kuitengeneza lami iliyochakaa hugharimu mara nyingi zaidi ya kuchonga njia ya udongo kwa greda. Lakini mwenye bodaboda wa kijijini, ambaye hupita miezi asikanyage lami, hulipa kwa kila lita tozo ile ile alipayo mwenye basi la Mbeya.

Halmashauri nazo zilizidi kutegemea serikali kuu pale kodi ya maendeleo ilipofutwa mwaka 2003. Raia walipumua, ila makasha yakapungukiwa. Mwaka 2017 barabara za wilaya zikakabidhiwa wakala mpya, TARURA, na madiwani waliozoea kumwagiza mhandisi wao wakabaki kuwa waombaji. Mwaka 2021 serikali iliongeza shilingi 100 kwa kila lita kwa ajili ya barabara hizo, na kila jimbo likapewa shilingi milioni 500. Nyongeza hiyo ilipokewa kwa shukrani, na ilistahili. Ila jimbo dogo la tambarare na jimbo pana la milima na mito yalipokea kiasi kimoja, na usawa wa namna hiyo haujawa uadilifu.

Kwa hiyo, kubishania asilimia peke yake ni kushughulikia nusu ya jambo. Mgao wa haki sharti usimame juu ya vipimo vilivyo wazi, navyo ni urefu, wingi wa magari, aina ya udongo, mvua, na idadi ya watu wasio na njia nyingine. Vipimo hivyo vitangazwe kijijini kama vinavyotangazwa bungeni, na virejewe kila baada ya muda uliowekwa. Aliyelipa kwa jembe, kisha kwa kodi ya kichwa, na leo kwa lita ya petroli, hastahili kuendelea kukisia hesabu ya mali yake.