Bunduki ya misumari ya upepo: jinsi ya kuitumia karakana na kubaki na vidole vyako vyote kumi



Leo naomba tuweke siasa na mpira pembeni, tuongee mambo ya karakana. Najua wengi mnaosoma hapa ni vijana, na wengine mnajifunza useremala au kutengeneza sofa huku mkitafuta maisha. Mimi mwenyewe ni fundi, na nimefanya kazi kwenye karakana kadhaa hapa Dar. Ukipita Keko au Buguruni utasikia kompresa inanguruma, halafu pa! pa! pa! Hiyo ndiyo bunduki ya misumari, wengine wanaiita gani ya upepo. Sofa ambalo ungelipigia nyundo siku nzima, hii unalimaliza fasta.

Tatizo ni kwamba wengi tunakabidhiwa hii kitu bila maelezo. Bosi anasema "shika, bonyeza hapa", basi, umeshahitimu. Ndiyo maana nimekaa nikaandika mwongozo huu. Kama uko kafe na dakika zinayoyoma, nenda moja kwa moja kwenye orodha ya namba 4, toa kopi, ukaibandike ukutani.

1. INAFANYAJE KAZI?

Kompresa inasukuma upepo ndani ya tangi mpaka presha ifike juu. Kwa hizi ndogo nyingi ni kama bar 8, yaani psi 116 hivi (bar 1 ni psi 14.5). Upepo unapita kwenye mpira mpaka ndani ya bunduki na kukaa pale ukisubiri. Ukivuta triga, valvu inafunguka, upepo unaisukuma pistoni, na kile chuma chembamba kilicho mbele ya pistoni kinaugonga msumari. Kufumba na kufumbua umeshazama kwenye mbao.

Shika hili kichwani: nguvu haitoki kwenye umeme, inatoka kwenye upepo uliohifadhiwa. Tanesco wakikata umeme, kompresa inanyamaza lakini tangi bado limejaa. Mpira ukiwa umechomekwa, bunduki iko tayari kupiga. Wapo wanaodhani kimya maana yake salama, kumbe sivyo.

Aina utakazokutana nazo zaidi ni hizi:

- Ya pini (stepla), ile ya kubania kitambaa cha sofa kwenye fremu.
- Ya misumari myembamba, kama F30. Hiyo 30 ni urefu wa msumari kwa milimita, yaani inapokea mpaka wa milimita 30. F50 inafika milimita 50.
- Ya fremu na paleti, misumari minene inayoweza kufika milimita 90.
- Ya zege, kama ST64, misumari ya chuma kigumu mpaka milimita 64.

Usichanganye. Ile ya zege ukiipiga kwenye ubao mwembamba, msumari unatokea upande wa pili na kuendelea na safari yake. Akiwepo mtu huko nyuma, shauri yake.

2. IJUE TRIGA YAKO

Hapa ndipo wengi hawajui, na ndipo vidole vinapoondoka. Kabla hujapiga hata msumari mmoja, tazama mdomo wa bunduki. Je, una kile chuma kinachobonyea ukiugandamiza kwenye mbao? Huo ndio mdomo wa usalama. Kutokana na huo, kuna tabia tatu kubwa:

a) Ya hatua kwa hatua. Lazima ubonyeze mdomo kwenye mbao KWANZA, halafu ndiyo uvute triga. Kila msumari unarudia upya. Hii ndiyo salama kuliko zote.

b) Ya kugusa. Ukishashikilia triga, kila mdomo unapogusa kitu inapiga. Ina kasi, lakini kitu chenyewe kinaweza kuwa mbao, na kinaweza kuwa paja lako. Tena bunduki ikipiga huwa inaruka kidogo kwa kurudi nyuma. Ikirudi na kugusa tena kabla hujaachia triga, inatoa msumari wa pili ambao hukuupanga.

c) Isiyo na mdomo wa usalama kabisa. Stepla nyingi za sofa na F30 nyingi za bei rahisi ndivyo zilivyo. Triga peke yake inatosha, hata ukiwa umeielekeza hewani. Ukiwa na hii, usalama wote uko kwenye kidole chako.

Mwongozo wa usalama uliotolewa Marekani mwaka 2011 na taasisi mbili za serikali, OSHA na NIOSH, unasema hatari ya kuumia na triga ya kugusa ni mara mbili ya ile ya hatua kwa hatua. Mwongozo huohuo unataja utafiti wa maseremala wanafunzi: wawili kati ya kila watano waliumizwa na bunduki ya misumari ndani ya miaka minne ya mafunzo, na mmoja kati ya kumi aliumia mara tatu au zaidi. Na hao ni watu wenye walimu na miwani! Kati ya 2001 na 2005, Marekani peke yake ilikuwa na wastani wa watu kama 37,000 kila mwaka waliokimbizwa hospitali kwa ajili ya hivi vyombo, na zaidi ya nusu ya majeraha yanakuwa mikononi na vidoleni.

3. AJALI ZINATOKEAJE?

Nikiangalia niliyoyaona karakana, yanarudi yaleyale.

Msumari kupinda ndani ya mbao. Msumari mwembamba ukikutana na fundo au nyuzi ngumu za mninga au mkongo, hauvunji njia, unatafuta njia. Unageuka na kutokea ubavuni, palepale ulipoweka kidole kushikilia kipande.

Kutembea na kidole kwenye triga. Karakana zetu zimebanana, mpira umelala chini, vipande vya mbao kila kona. Unajikwaa, mkono unakaza wenyewe, pa!

Kufungua msumari uliokwama wakati mpira umechomekwa. Unachokonoa, pistoni inaachia ghafla.

Mdomo wa usalama uliofungwa waya. Hii ndiyo inaniuma kuliko zote. Karakana moja niliyowahi kufanya kazi, bosi alikuwa anazifunga bunduki zote raba ya tairi ili ule mdomo ubaki umebonyea muda wote, kisa ni kazi iende haraka maana tulilipwa kwa idadi ya fremu. Dogo mmoja aliyekuwa anajifunza aliipokea bunduki kutoka kwa mwenzake kwa kuishika mbele, na mwenzake alikuwa hajatoa kidole kwenye triga. Msumari uliingia kiganjani ukakaa. Mkono ulipona, lakini kidole cha kati hakikunji tena mpaka mwisho. Sasa piga hesabu: zile sekunde mbili zilizookolewa kwenye kila msumari, na mkono wa kulia wa kijana wa miaka 19, kipi ghali?

Ya mwisho ni kupuliziana upepo. Utaona watu jioni wanajipuliza vumbi mwilini na mpira wa kompresa, wengine wanapuliziana kwa utani. Jamani, upepo wa presha unaweza kupasua ngoma ya sikio, kurusha kipande cha mbao jichoni, na ukipita kwenye kidonda unaweza kuingia mwilini na kuwa hatari ya maisha. Huko Marekani, hata kusafishia vifaa tu sheria inataka presha iwe chini ya psi 30, pamoja na kinga. Chukua brashi, ndugu yangu.

4. ORODHA YA UKUTANI

KABLA YA KAZI
- Vaa miwani ya kazi yenye kinga ubavuni. Miwani ya jua haihesabiki.
- Ziba masikio. Mlio wa bunduki hizi umepimwa ukafika kati ya desibeli 109 na 136 kwa kilele. Masikio hayauzwi Kariakoo.
- Vaa viatu vilivyofunika vidole. Ndala acha nyumbani.
- Kagua mpira, viungio na bunduki. Mdomo wa usalama usiorudi wenyewe vizuri, bunduki hiyo weka pembeni mpaka itengenezwe.
- Soma presha ya juu iliyoandikwa kwenye bunduki yenyewe na usiipite. Anza chini, kama psi 60 au 70, jaribu kwenye kipande cha kutupa, panda taratibu mpaka msumari ukae sawa na mbao. Presha kubwa zaidi ya hapo haikusaidii, inakuharibia kazi na kukuongezea hatari.
- Jaza misumari mpira ukiwa umechomolewa. Ukichomeka, elekeza mdomo chini mbali na watu, kidole kikiwa nje ya triga.

WAKATI WA KAZI
- Mkono usioshika bunduki ukae angalau sentimita 30 kutoka msumari unapoingia. Kipande kikiwa kidogo, kibane kwa klampu, usikishike.
- Usipigie karibu sana na ukingo wa mbao wala juu ya fundo.
- Usimuelekezee mtu, hata kwa utani, hata ikiwa haina misumari.
- Asikae mtu upande wa pili wa ubao unaopiga.
- Kidole kwenye triga ni wakati wa kupiga tu.
- Usipokezane bunduki mkononi. Iweke mezani, mwenzako aichukue mwenyewe.
- Imekwama? Chomoa mpira KWANZA. Unapanda ngazi? Chomoa. Unaenda kunywa chai? Chomoa.

BAADA YA KAZI
- Zima kompresa, chomoa bunduki, toa upepo wote kwenye tangi.
- Fungua koki ya chini ya tangi utoe maji. Upepo ukibanwa unaacha maji, na maji yanakula chuma kwa ndani. Tangi linaweza kung'aa kwa nje huku ndani limeshakuwa kama karatasi.
- Hakikisha valvu ya usalama inafanya kazi. Ikiwa imezibwa bolti au haipo kabisa, hilo si tangi tena, ni bomu. Haya matangi ya kuungaunga mtaani tuwe nayo makini sana.

5. KAMWE USIJARIBU HILI

Umeme umekatika, tangi limeisha, mteja anapiga simu. Jirani ni fundi wa kuchomelea ana mtungi wa oksijeni. Mtu anapata wazo: "tuunge hapa". HAPANA! Ndani ya bunduki kuna mafuta ya kulainisha, na oksijeni ya presha ikikutana na mafuta inaweza kulipuka. Mtungi wa gesi ya kupikia nao ni vilevile. Bunduki hizi ni za upepo wa kompresa tu. Mteja asubiri.

6. UKICHOMWA MSUMARI

Usiung'oe. Najua kila fundi mzoefu atakwambia vuta na koleo, mwagia spiriti, endelea. Usimsikilize. Baadhi ya misumari ina vijino au gundi ambayo inararua zaidi ikitoka, na wakati mwingine msumari ndio unaozuia damu. Nje utaona tundu dogo, lakini ndani unaweza kuwa umegusa mfupa, kiungo, kano au mshipa wa fahamu. Kwa majeraha ya mkono, karibu robo yanakuwa na madhara ya namna hiyo. Zuia usisogee, funika kwa kitambaa safi, nenda hospitali upigwe eksirei, na uulizie chanjo ya pepopunda. Ikiwa ni jicho, usilisugue wala usiguse kitu kilichoingia, wahi hospitali.

7. HAKI YAKO

Tanzania nayo ina OSHA yake, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo tangu 2003. Miwani na vifaa vya kujikinga ni wajibu wa mwajiri, siyo hisani yake. Kuna pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanzishwa kwa sheria ya 2008 na kuanza kazi 2015, kwa ajili ya wanaoumia kazini. Najua mtasema "sisi wa kibandani hatuna mkataba". Ni kweli, wengi ndivyo tulivyo. Ndiyo maana nasema uliza mapema, kabla hujaumia, si baada. Na wewe bosi unayesoma hapa: miwani ya kazi ni rahisi kuliko bili ya hospitali, na kijana wa chini ya miaka 18 usimpe hii bunduki kabisa.

Mwisho, ukikuta bunduki imefungwa waya au raba, ifungue. Ukiambiwa unachelewesha kazi, jibu kwamba mkono ndio mtaji wako na hauna spea.

Mwenye swali, au fundi mwenzangu mwenye la kuongeza, tupia hapo chini. Tuko pamoja.