Hakimiliki katika elimu ya juu, Likasi

Hakimiliki katika elimu ya juu ni haki ya mtunzi juu ya vitabu, tasnifu na maandishi ya masomo yanayotumika vyuoni na maktabani. Huko Likasi, mji wa madini wa mkoa wa Haut-Katanga ulioitwa Jadotville hadi 1966, haki hiyo inafuata sheria ya taifa. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imo katika Mkataba wa Berne wa hakimiliki tangu 1963.

Sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda kazi za fasihi, sanaa na sayansi. Mtunzi ana haki mbili: jina lake litajwe, na afaidi mapato ya kazi yake. Ulinzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Uvumbuzi wa kiufundi, ukiwemo wa uchenjuaji wa shaba na kobalti, una sheria yake, namba 82-001 ya 1982.

Vyuoni, kitabu kikuu cha mwanafunzi mara nyingi ni silabasi, yaani maandishi ya somo yaliyoandikwa na mwalimu mwenyewe. Silabasi hiyo nayo ni kazi yenye mwenyewe, hata ikitolewa fotokopi.

Tangu 2011, shirika la SOCODA ndilo linalosimamia haki za watunzi nchini, badala ya shirika la awali, SONECA.