Kusamehe si Kufunga Mdomo

Mwaka jana, siku ya kugawa chakula, mtu mmoja mwenye daftari aliniita mwizi mbele ya watu. Kadi yangu ilikuwa imekataa kwenye mashine. Nikamwambia kwa upole labda mashine ina shida. Akanitazama toka miguu mpaka kichwa, akasema ati sisi Wakongomani tunapenda kula mara mbili, nitoke kwenye mstari. Watu wakacheka. Mtoto wangu wa pili alikuwa kando yangu, ameshika gunia. Tulirudi nyumbani bila mahindi. Njiani akaniuliza: "Papa, uliiba kweli?"

Jioni nikaenda kwa mchungaji wetu. "Papa Pasta, nifanye nini? Roho inaniuma." Akanijibu: "Ndugu yangu, samehe. Nyamaza. Mungu ameona."

Namheshimu, basi nikanyamaza. Lakini kumbe nilikuwa nimefunga mdomo tu, sijasamehe kitu. Kila nilipomwona yule mtu, damu ilichemka. Na mtoto wangu alikuwa bado hajapata jibu.

Siku hizo ndipo nilipokumbuka habari za Askofu Festo Kivengere. Mara ya kwanza nilisimuliwa na mama mmoja wa Kabale anayeuza viazi sokoni kwetu. Baadaye nikazitafuta mwenyewe na kuzisoma. Naziandika hapa kwa ajili ya sisi tunaopanga foleni, na pia kwa ninyi mnaoshika daftari.

Kivengere alizaliwa mwaka 1919 huko Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda. Sisi tuliovukia Bunagana tunaijua nchi hiyo, kwa sababu tuliikanyaga tukipita Kisoro na Kabale kuja huku kambini. Akiwa mwalimu kijana aliguswa na ule uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukasambaa Uganda, Burundi, Tanganyika na Kenya. Ni watu wale wale wa wimbo wa Tukutendereza. Kati yao mtu hakuficha kosa. Alisimama akalitaja, akaenda kutengeneza. Kivengere alikuwa na Mwingereza mmoja, mmisionari, aliyemchukia sana. Baada ya kuokoka alipanda baiskeli, akaenda safari ndefu mpaka nyumbani kwa mzungu yule, akamwambia wazi kwamba alikuwa akimchukia, na akaomba radhi. Miaka ya 1940 na 1950 alifundisha shule Dodoma, Tanganyika. Mwaka 1972 akawekwa kuwa askofu wa Kigezi.

Wakati huo Uganda ilikuwa mikononi mwa Idi Amin, aliyepindua serikali Januari 1971. Watu walikamatwa na hawakurudi. Usiku wa Februari 5, 1977, askari waliingia kwa nguvu nyumbani kwa Askofu Mkuu Janani Luwum, Namirembe, wakamwelekezea bunduki, wakapekua nyumba ati wanatafuta silaha. Hawakupata.

Sasa tazameni maaskofu walifanya nini. Kama msamaha ungekuwa kunyamaza, basi huo ndio ulikuwa wakati wake. Wao walikaa pamoja wakaandika barua kwa rais mwenyewe. Walieleza jinsi askofu mkuu alivyotendewa, wakaeleza na mauaji na hofu ya wananchi. Kivengere alikuwa mmoja wao. Barua ile haikuwa na tusi. Ilitaja yaliyotendeka.

Februari 16 viongozi wa dini waliitwa Kampala. Maaskofu walisimamishwa juani, wakasomewa mashtaka ya uongo kuhusu silaha, na askari wakapiga kelele kwamba wauawe. Wengine waliruhusiwa kuondoka. Luwum alibakizwa. Kesho yake serikali ikatangaza kwamba amekufa katika ajali ya gari, pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Watu hawakuamini, kwa maana walioiona maiti walisema ilikuwa na matundu ya risasi.

Siku chache baadaye Kivengere naye alikuwa anatafutwa. Yeye na mke wake, Mera, waliondoka usiku. Gari lilipofika mwisho wa njia wakapanda milima kwa miguu mpaka Rwanda. Askofu akawa mkimbizi kama mimi na wewe.

Huko ugenini alisema ukweli juu ya Amin kila alipoitwa. Lakini ndani, mwenyewe alikiri baadaye, alikuwa ameanza kuoza. Uchungu ulikuwa unamkausha, hata kuomba kukawa kugumu. Ijumaa Kuu ya mwaka 1977 alikuwa kanisani London, akisikiliza habari za Yesu kuwaombea waliompigilia misumari. Akaona kwamba ombi lile halikumwacha Amin nje. Hapo akamsamehe. Mwaka huohuo kikatoka kitabu chake, jina lake kwa Kiingereza maana yake ni "Nampenda Idi Amin". Mpaka leo nikilitaja jina hilo hapa kambini, watu wanaguna.

Lakini someni vizuri. Kivengere hakusema Amin hana kosa. Baada ya kusamehe hakuacha kueleza mauaji, wala hakurudi Kampala kujipeleka kwa askari. Alitafuta pesa ili vijana wa Uganda waliokuwa ukimbizini wasome. Amin alipoangushwa, Aprili 1979, alirudi Kigezi kujenga, na alifanya kazi hiyo mpaka alipofariki mwaka 1988.

Mimi nimejifunza jambo moja kwake. Kosa linatajwa kwanza, ndipo linasamehewa. Usipolitaja, unasamehe nini? Hata Bwana Yesu, alipopigwa kofi mbele ya kuhani (iko Yohana 18), hakurudisha kofi, lakini pia hakunyamaza. Alimtaka yule askari aseme kosa lake ni lipi. Shavu la pili si la mtu aliyepoteza sauti.

Basi nikachukua karatasi kwenye daftari la mtoto, nikaandika. Tarehe, saa, kadi ilivyokataa, maneno niliyoambiwa. Nikampelekea Papa Pasta aisome kabla sijaitia kwenye sanduku la malalamiko. Akasoma kimya, halafu akaomba kalamu. Mahali nilipoandika "huyu mtu mbaya" alifuta neno "mbaya". Akasema: "Hapo sasa ni barua ya Mkristo. Peleka."

Baada ya wiki mbili niliitwa. Kadi ilikuwa na hitilafu, wakaitengeneza. Mahindi ya mwezi ule sikurudishiwa, na yule mtu hakuniomba radhi. Nawaambia hivyo ili mtu asidhani nauza dawa. Nilimwonyesha mtoto nakala ya barua, nikamsomea mstari kwa mstari. Akasema: "Kwa hiyo hukuiba." Nikamwambia, hapana, sikuiba.

Yule mtu bado ana daftari lake, na mimi namsalimia kila mwezi. Mara ya kwanza sauti ilinitetemeka, naye akajibu "Ee" bila kuinua macho. Kuna miezi moyo unakubali, na kuna miezi naanza upya toka mwanzo, palepale kwenye foleni.

Ninyi ndugu zetu mnaofanya kazi hapa, mkipokea barua kama ile msidhani mwandishi wake anawachukia. Huenda anatafuta njia ya kuwasamehe. Na sisi wa foleni, tukiandika, tuandike yaliyotendeka. Neno "mbaya" tulifute.