Mafuta na Maji Ndani ya Bomba: Mbona Yakisonga Polepole Ndio Ngori Huanza

Ukisikia "bomba la mafuta ghafi" unapiga picha ya mafuta meusi yakiteleza safi kutoka kisimani hadi baharini, si ndio? Zii. Ndani mna maji. Kila mara mna maji, na wasee wa hiyo kazi hupoteza usingizi zaidi ju ya hayo maji kuliko mafuta yenyewe.

Tuanze na yanatoka wapi. Mafuta huko chini hayakai kwa ziwa kama vile wengi hudhani. Yamejificha kwa vitundu vidogo vya mwamba, na mara nyingi yanashare nyumba na maji ya chumvi ya kitambo sana. Ukivuta mafuta, maji nayo yanakam. Kisima kikiwa kichanga maji ni kidogo, lakini kikizeeka yanazidi, na kuna visima vizee duniani vinatoa maji mengi kushinda mafuta. Halafu kampuni nyingi husukuma maji mengine chini makusudi ili presha isishuke, kwa hivyo hayo nayo hurudi juu baadaye.

Kabla ya mafuta kuingia bomba kubwa, maji hutolewa. Wanayapasha moto, wanayaacha yatulie kwa tangi, wanaweka dawa, wakati mwingine wanayapitisha kwa umeme mkali ili matone yashikane. Kiwango kinachotumika sana ni maji na uchafu visizidi asilimia 0.5. Inasound kidogo. Shika hiyo namba, tutairudia.

Sasa, haya maji yakiwa ndani hufanya nini? Inategemea mwendo. Kama mafuta yanasonga kwa nguvu, yanayapiga maji hadi yawe matone madogo madogo, yanayabeba kama vile mat hubeba abiria wa kusimama: hakuna nafasi ya kukaa, mnaenda tu. Maji hayapati muda wa kugusa chuma. Lakini mwendo ukipungua, maji, ambayo ni mazito kuliko mafuta mengi, yanashuka. Yanalala chini kabisa ya bomba, pale mshale wa saa huelekea ikifika saa kumi na mbili, yanakuwa kamto kembamba chini ya mafuta. Hakuna speed moja ya bomba zote. Inalingana na unene wa mafuta, upana wa bomba na kiasi cha maji, ingawa mafundi wengi hupata amani mafuta yakipita mita moja kwa sekunde. Tena bomba likipitia bonde, mlima unaofuata unarudisha maji nyuma na yanajikusanya pale chini kama dimbwi.

Hapo kwa dimbwi ndipo chuma huliwa. Gesi ya kaboni iliyotoka na mafuta ikiyeyuka kwa maji inageuka asidi. Chumvi iko. Mchanga na tope zinashuka pia, zinatengeneza blanketi, na chini ya hilo blanketi bakteria wanajenga keja zao. Mafuta peke yake hayali chuma hivyo. Ni maji.

Kama unadhani hii ni stori ya darasani, ulizia Prudhoe Bay, Alaska. Huo ni mmoja wa mashamba makubwa ya mafuta Marekani, uligunduliwa 1968 na mafuta yakaanza kutoka 1977. Bomba zilijengwa za kubeba mafuta mengi sana. Miaka ikasonga, uzalishaji ukashuka, lakini bomba zikabaki na upana ule ule. Umeona shida? Mafuta kidogo ndani ya bomba pana ni mwendo wa kobe. Maji na tope zikalala chini ya bomba moja la inchi 34 upande wa magharibi, bakteria wakapiga kambi.

Kuna kifaa cha kusafisha bomba ndani, kinasukumwa na mafuta yenyewe kikikwangua kuta na kufagia maji mbele yake. Wazungu wanakiita nguruwe (usiniulize, kuna hadithi nyingi na hakuna moja iliyoniconvince), sisi tuseme pigi. Kuna pigi pia za kisasa zinazopima unene wa chuma zikipita. Hilo bomba la Prudhoe lilipitishwa pigi mara ya mwisho 1998. Tarehe 2 Machi 2006 mfanyakazi aliyekuwa akiendesha gari hapo akasikia harufu ya mafuta. Katundu kadogo, unaweza kukaziba kwa kidole, kalikuwa kametoboka chini ya bomba, na mafuta yalikuwa yamevuja siku kadhaa chini ya theluji. Mapipa 5,000 hivi, karibu lita 800,000. Mwezi wa nane mwaka huo huo kutu ikapatikana kwa bomba la upande wa mashariki pia, na BP, ndio walikuwa wakiendesha shamba hilo, wakalazimika kufunga sehemu ya uzalishaji. 2007 walikubali kosa na jumla ya malipo ikafika dola milioni 20. Yote haya ju ya maji yaliyopata mahali pa kulala.

Sasa utasema, basi si wapige mafuta kwa nguvu kila mahali waishe hiyo story? Ngoja kidogo. Ukikoroga sana unaingia ngori ingine.

Cheki Blue Band. Hiyo ni mafuta yenye matone ya maji ndani. Maziwa ni kinyume, ni maji yenye matone ya mafuta ndani. Vitu ni karibu vile vile, lakini kimoja unakipaka kwa mkate na kingine unakimimina kwa chai. Mafuta ghafi na maji hufanya hivyo hivyo. Pampu na valvu zinavyoyachapa, maji yanakatikakatika matone madogo mno, na vitu fulani vizito vilivyo ndani ya mafuta ghafi, vinaitwa asfalteni, vinazunguka kila tone kama ngozi. Matone yakigongana hayaungani tena. Mchanganyiko unakuwa mzito, na kadiri maji yanavyoongezeka ndivyo unavyozidi kuwa mzito, hadi unaweza kuwa mzito mara nyingi kuliko mafuta safi. Pampu inatoa jasho, bili ya stima inapanda.

Halafu, maji yakifika kiwango fulani, mambo yanageuka ghafla. Maji yanakuwa nje, mafuta yanakuwa matone ndani, na uzito unaanguka. Kama shosho yako aliwahi kutikisa maziwa kwa kibuyu hadi siagi ikatoka, ameona hii kitu live, ila kwa upande wa pili: kwa maziwa maji huanza yakiwa nje, siagi ikitoka yanabaki ndani. Shida ya bomba ni kwamba hicho kiwango cha kugeuka hubadilika na aina ya mafuta, joto na hata vile pampu inayakoroga. Ukiwa unaendesha bomba karibu na hapo, presha inaweza kuruka bila kukupigia hodi. Ndio maana dawa ya kuvunja hayo matone hutiwa mapema, na huwa ni tone tu kwa mafuta mengi, na mafuta ya kila shamba yanataka dawa yake.

Wajanja wakauliza, mbona tusitumie maji kama rafiki? 1904 Wamarekani wawili, Isaacs na Speed, walipata hataza ya wazo la kupitisha mafuta mazito katikati ya bomba huku maji yakizunguka pembeni kama ganda, ili mafuta yasiguse ukuta. Miaka ya sabini Shell walifanya hivyo kweli California, kwa bomba la inchi 6 la kama kilomita 38. Venezuela nao walichukua lami nzito ya Orinoco, asilimia 70 hivi, wakaichanganya na maji asilimia 30 makusudi, lami ikawa ndio matone. Waliiita Orimulsion, wakaiuza kwa mitambo ya stima ng'ambo. Mimi hapo nawapea heshima.

Turudi mtaani. Mafuta ya Uganda na ya Lokichar kule Turkana yana nta nyingi, yakipoa yanaganda kama mshumaa. Ndio maana bomba la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, la kilomita 1,443 na upana wa inchi 24, limepangwa kupashwa moto yasishuke chini ya nyuzi 50. Joto linasaidia nta, lakini pia linafanya mafuta kuwa mepesi, na kwa mafuta mepesi tone la maji linazama haraka.

Piga hesabu nami. Kilele chake ni mapipa 246,000 kwa siku. Kwa bomba la huo upana, ni kama mita 1.6 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea akiwa amechelewa job. Siku kumi hivi kutoka Hoima hadi baharini. Hapo maji yanabebwa fiti. Na ile asilimia 0.5? Kwa mapipa hayo, ni lita karibu 195,000 za maji kila siku, karibu malori ishirini ya lita 10,000, yale huleta maji kwa ploti mifereji ikikauka.

Visima navyo huzeeka. Siku mapipa yatakapokuwa nusu ya hayo, mwendo utakuwa mita 0.8 kwa sekunde ndani ya bomba lile lile, na visima vitakuwa vinatoa maji mengi zaidi. Ukitaka kujua kama wenye bomba wako macho wakati huo, usiulize mafuta ni mapipa mangapi. Uliza pigi ilipita lini mara ya mwisho, na ilitoa nini.