Ziada ya Mshale

Dereva akibandika simu yenye GPS kwenye dashibodi, kisha akatulia na mwendo mmoja katika barabara iliyonyooka, mara nyingi ataona namba mbili zisizopatana: mshale wa spidi uko 100, simu inasema 95. Madereva husema spidomita inadanganya. Watafsiri wa vitabu vya magari wana namna yao ya kulisema hilo, nao huandika “kosa la spidomita”, wakiifuata istilahi ya Kiingereza neno kwa neno. Wote wawili, dereva na mtafsiri, wanamsingizia mshale. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo imewekwa kiwandani kwa makusudi, tena kwa kutii kanuni. Kwa hiyo napendekeza tuiite ziada ya mshale, na neno kosa tuliweke akiba kwa jambo jingine nitakalolifikia.

Tuanze na kile ambacho spidomita inapima kweli. Wengine huiita kipimamwendo, jina zuri lenye utata kidogo, maana mwendo kwetu ni kasi na ni umbali pia. Kifaa chenyewe hakipimi hiki wala kile. Kinafuata mizunguko ya gurudumu. Katika muundo ambao Otto Schulze aliupatia hataza mwaka 1902, waya unaozunguka pamoja na magurudumu ulizungusha sumaku ndani ya kikombe cha metali nyepesi. Kikombe kikavutwa kiifuate sumaku, springi ndogo ikakizuia, na mshale ukaonyesha mvutano huo umefika wapi. Magari ya leo yana sensa kwenye giaboksi au kwenye magurudumu inayotoa mapigo ya umeme, lakini dhana ni ileile: mizunguko huzidishwa kwa mzingo wa tairi, na mzingo huo mtengenezaji ameukadiria tu. Tairi ya 195/65R15 ikiwa mpya ina mzingo wa karibu mita 1.99. Ikitumika kutoka kina cha milimita 8 cha mifereji yake hadi milimita 1.6, mzingo hupungua kama sentimita 4, sawa na asilimia 2. Gurudumu dogo huzunguka mara nyingi zaidi kwa kilometa ileile, na mshale hupanda bila gari kuongeza hata hatua moja. Upepo ukipungua kwenye tairi, mambo huelekea upande huohuo.

Mtengenezaji anayajua yote haya. Anajua pia kwamba Kanuni Namba 39 ya Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Ulaya, inayofuatwa na nchi nyingi zinazounda magari, inakataza mshale kusoma chini ya mwendo halisi. Kusoma juu kunaruhusiwa, ila kwa kikomo: moja ya kumi ya mwendo halisi, ukijumlisha kilometa 4 kwa saa. Gari linalokwenda 80 kweli linaweza kuonyesha hadi 92 na likapita ukaguzi; likionyesha 79, limefeli. Kwa kuwa adhabu iko upande mmoja tu, hakuna kiwanda kitakacholenga sifuri. Kinausogeza mshale juu kiasi cha kutosha ili hata tairi mpya kabisa, iliyojaa upepo, isiushushe chini ya kweli. Ushahidi wa makusudi hayo uko kwenye dashibodi hiyohiyo. Odomita, yaani kihesabu cha kilometa, katika magari mengi ya kisasa huhesabu mapigo yaleyale ya sensa ileile, lakini kwa kawaida yenyewe hukaribia zaidi umbali halisi. Kama hesabu ya magurudumu ndiyo ingekuwa mbovu, vyote viwili vingepotoka kwa kiasi kimoja. Muuza karanga akishajaza kikombe huongeza punje kadhaa juu, na sijasikia mnunuzi akiziita kosa la kipimo.

Je, tuna haki gani ya kuiamini simu? Wengi hudhani GPS inachukua mahali pawili na kugawanya umbali kwa muda. Ingekuwa hivyo tu, shaka ingekuwa na msingi, maana mahali penyewe panaweza kukosewa kwa mita kadhaa. Lakini vipokezi vingi hupata mwendo kwa njia nyingine, athari ya Doppler: mawimbi hubadilika idadi kwa sekunde kadiri chanzo na mpokeaji wanavyokaribiana au kuachana. Setilaiti za GPS, zilizo kama kilometa 20,200 juu yetu, hutangaza kwa megahezi 1575.42, ambapo wimbi moja lina urefu wa sentimita 19 hivi. Ukisogea mita moja kwa sekunde kuelekea setilaiti, mawimbi unayokutana nayo huongezeka kama 5 kila sekunde, na kipokezi kinaweza kuyahesabu. Chini ya anga lililo wazi, mwendo unaopatikana hivyo hukosewa kwa sehemu ndogo tu ya kilometa kwa saa. Tochi za trafiki zinazotumia mawimbi ya redio zinategemea athari hiyohiyo, ingawa za laza hupima namna umbali unavyobadilika. Hakuna kati ya hizo inayouliza habari za tairi.

GPS nayo ina udhaifu wake. Ndani ya handaki haina cha kusema. Katikati ya maghorofa mawimbi huruka ukutani na kufika yamechelewa. Na dereva akikanyaga breki ghafla, namba ya simu hubaki nyuma kidogo wakati mshale umeshaanguka. Ulinganisho wa haki basi ni wa mwendo usiobadilika, mahali pa wazi. Asiyeamini setilaiti atumie saa na nguzo za kilometa: mshale ukiwa 80 thabiti, kilometa moja ingepaswa kuisha kwa sekunde 45. Ikichukua 48, mwendo halisi ni 75, na ziada ni 5.

Mwanafizikia atapinga kwamba katika maabara kila tofauti kati ya kipimo na kweli huitwa kosa, liwe la makusudi au la bahati mbaya. Maabara ibaki na neno lake. Barabarani neno hilo lina mwenyewe tayari: kosa la mwendo ni lile linaloandikiwa faini, na ukisema “kosa la kilometa 5” hakuna atakayejua kama unamzungumzia dereva au kifaa. Hitilafu haifai pia, kwa kuwa mwenye gari akiambiwa ana hitilafu ataenda kwa fundi kutengeneza kitu kizima. Pingamizi zito zaidi ni kwamba mshale unaweza kusoma chini, na hapo ziada iko wapi? Unaweza, kweli. Pikapu yenye tairi za 265/65R17 ikivishwa 285/70R17 ili ionekane imesimama vizuri, mzingo huongezeka kwa asilimia 7. Ziada ya kiwandani huliwa yote au karibu yote, na mshale ukisoma 80 gari linaweza kuwa limeshapita 80. Hilo ndilo nililoliwekea neno kosa: mshale unaosoma chini umevunja kanuni, na unamponza dereva mbele ya tochi. Istilahi mbili zinatenganisha kinachoruhusiwa na kisichoruhusiwa, kazi ambayo neno moja la Kiingereza haliifanyi. Kuna watakaohofia kwamba dereva akifundishwa habari za ziada ataila yote kwa kukanyaga mafuta. Simu anayo tayari, na anaiona tofauti bila kufundishwa. Asichoambiwa ni kwamba ziada hubadilika kwa gari, kwa tairi na kwa upepo, hivyo aliyoiona kwenye gari la jirani si yake.

Mkanganyiko unaonekana zaidi kwenye mabasi. Kikomo cha kilometa 80 kwa saa kwa mabasi, Tanzania na Kenya, kinahusu mwendo halisi. Kifaa cha kufuatilia basi kwa setilaiti husoma mwendo huo moja kwa moja. Kidhibiti mwendo kilichounganishwa na waya wa sensa ya giaboksi husoma mizunguko kama spidomita, na kikishapangwa kwa tairi za ukubwa fulani, kitaendelea kukata mafuta kwa hesabu hizo hata baada ya mwenye basi kufunga nyingine kubwa zaidi. Tairi zikibadilishwa ukubwa, kidhibiti kinapaswa kupangwa upya, na fomu ya ukaguzi iwe na nafasi mbili: mwendo wa mshale na mwendo halisi.