Mapinduzi ya Kilimo ya Uingereza

Mapinduzi ya Kilimo ya Uingereza ni mabadiliko ya ukulima na umiliki wa ardhi yaliyotokea Uingereza kati ya karne ya 17 na ya 19, na ambayo yalitayarisha njia ya Mapinduzi ya Viwanda. Msingi wake ulikuwa mzunguko wa mazao. Katika jimbo la Norfolk, ngano, tanipu, shayiri na klova zilipandwa kwa zamu ya miaka minne: klova ilirudishia udongo naitrojeni, tanipu zililisha mifugo wakati wa baridi, nayo mifugo ikatoa samadi. Hivyo shamba halikulazimika tena kuachwa tupu ili lipumzike. Jethro Tull aliunda mashine ya kupanda mbegu kwa mistari takriban mwaka 1701.

Chakula kiliongezeka na idadi ya watu ikapanda. Lakini maskini waliumia: sheria za Bunge za kuzungushia ardhi ua ziliwanyima wanavijiji wengi malisho ya pamoja, na baadhi yao wakahamia mijini kutafuta kibarua.

Katika Mapinduzi ya Viwanda yaliyofuata, nguo za pamba zilitangulia kuingia viwandani. Mashine ya James Hargreaves, ya takriban 1764, ilisokota nyuzi kadhaa kwa wakati mmoja. Richard Arkwright alianzisha kiwanda cha nguvu ya maji huko Cromford mwaka 1771. Sehemu kubwa ya pamba ya viwanda hivyo ililimwa na watumwa wenye asili ya Afrika katika bara la Amerika. Injini ya mvuke ya James Watt, iliyopewa hataza mwaka 1769, baadaye iliwezesha viwanda kujengwa mbali na mito.