Usanisinuru: Istilahi na Maji Yaliyosahauliwa

Mwaka 1907 serikali ya kikoloni ilianzisha bustani ya miti ya Arboretum, magharibi ya kitovu cha Nairobi, ili kujaribu miti ikuayo upesi ambayo ingetoa kuni za injini za reli. Kuni hizo zilikuwa nuru ya jua iliyowekwa akiba. Hata hivyo, jinsi nuru inavyogeuka kuwa akiba hiyo haikufahamika barabara wakati huo. Wataalamu wengi walidhani kwamba nuru huvunja kabonidayoksaidi, na kwamba oksijeni itokayo jani hutoka humo.

Mwaka 1931 C. B. van Niel aliipinga dhana hiyo kwa kuchunguza bakteria watumiao haidrojeni salfaidi badala ya maji, nao hutoa salfa badala ya oksijeni. Mwaka 1937 Robert Hill alionyesha kwamba kloroplasti zilizotengwa hutoa oksijeni pasipo kabonidayoksaidi. Mwaka 1941 Ruben, Kamen na wenzao walitumia oksijeni nzito, wakathibitisha kwamba chanzo ni maji. Leo yafahamika kwamba klorofili ikipigwa na nuru hupoteza elektroni, na pengo lake huzibwa kwa elektroni za maji. Kazi hiyo hufanyika penye atomi nne za manganizi na moja ya kalisi: molekuli mbili za maji hupasuliwa zikatoa oksijeni, protoni nne na elektroni nne.

Istilahi usanisinuru imeundwa kwa usanisi, yaani uunganishaji, na nuru. Inafuata muundo wa neno la asili ya Kigiriki lililozuka mwaka 1893, kabla ya ugunduzi huo. Kwa hiyo hutaja kujenga, ikanyamazia kupasua. Kitenzi pasua chafaa kuliko vunja, kwani avunjaye huharibu, ilhali apasuaye mbao hukusudia kuzitumia. Upasuaji-maji kwa nuru ungeeleza nusu iliyoachwa.

Katika Chuo Kikuu cha Nairobi, wanasayansi wa Chiromo, upande wa Westlands, na wanaisimu wa kampasi kuu ya mjini hutenganishwa na mwendo mfupi tu. Katiba ya mwaka 2010 yakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, lakini biolojia hufundishwa kwa Kiingereza. Mwendo huo usipotembewa, istilahi zitaendelea kutafsiri majina ya kale badala ya kueleza maarifa yaliyopo.